Mizimu, Mvua na Deni la Ardhi: Masimulizi ya Ajabu kama Ushahidi wa Kihistoria katika Bunda, Butiama na Musoma

IKISIRI

Insha hii inachunguza masimulizi ya mizimu, laana na matukio yasiyoelezeka yanayohusishwa na maeneo matatu ya Mkoa wa Mara: Bunda, Butiama na Musoma. Hoja kuu ni kwamba masimulizi hayo, katika asili yake, hayakuwa hadithi za kutisha. Yalikuwa kumbukumbu ya makubaliano baina ya watu na ardhi waliyoikalia, na laana inayotajwa ndani yake ilikuwa jina la deni ambalo halijalipwa. Insha inapitia simulizi ya Nyakinywa na mlima Chamuriho katika Ikizu, mzimu Muhunda na jina la Kambarage huko Butiama, kisha nafasi ya mji wa Musoma kama mahali ambapo simulizi hizo zilianza kuandikwa, kuhukumiwa na kupangwa upya. Inahitimisha kwamba mtafiti anayezikusanya kama maajabu tu, na yule anayezifuta kama ushirikina, wote wawili wanapoteza ushahidi uleule: historia ya nani aliyewajibika kuiponya nchi, na lini wajibu huo ulitenganishwa na cheo.

1.0 UTANGULIZI

Mgeni anayefika katika kijiji cha Mara Kusini na kuonyeshwa kichaka ambacho hakikatwi, chemchemi ambayo haichezewi au jabali ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini, kwa kawaida huambiwa jambo moja: aliyevunja mwiko wa mahali pale alipatwa na balaa. Wasomi wamezoea kuipokea kauli hiyo kwa njia mbili. Wapo wanaoikusanya kwa sababu inashangaza, na wapo wanaoipuuza kwa sababu haithibitiki. Njia zote mbili zinaishia katika swali lilelile: je, jambo hilo lilitokea kweli?

Swali hilo halifai kuwa la kwanza. Mwanahistoria ana maswali mengine ambayo yanaweza kujibiwa: nani aliyeweka mwiko huo, kwa mamlaka gani, kwa faida ya nani, na ni tukio gani lililofanya uhifadhiwe hadi leo? Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu mapokeo simulizi kama historia, alisisitiza kwamba kila simulizi ni ushahidi wa nyakati mbili: wakati inaoueleza na wakati inaposimuliwa. Simulizi za mizimu hazina sababu ya kuondolewa katika kanuni hiyo.

Ni muhimu kutofautisha istilahi tatu tangu mwanzo. Neno mzimu katika Kiswahili cha kawaida hubeba maana ya roho ya marehemu, na mara nyingi huleta picha ya kiumbe wa kutisha usiku. Katika lugha za Mara Kusini kuna neno erisambwa, wingi wake emisambwa, linalotaja roho za wahenga pamoja na mahali zinapokaa. Erisambwa haizururi. Ina anwani: mlima fulani, kichaka fulani, chemchemi fulani. Neno la tatu ni uchawi, yaani kitendo cha siri cha kumdhuru mtu. Kuyachanganya maneno haya matatu ni kosa la kitaaluma lenye madhara nje ya taaluma, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya sita.

2.0 USULI WA ENEO NA WATU WAKE

Mara Kusini iko kati ya Ziwa Viktoria upande wa magharibi na nyika za Serengeti upande wa mashariki. Kando ya ziwa wanaishi Wakwaya, Waruri na Wajita. Bara kidogo wako Wazanaki, Waikizu na Wasizaki. Na kuelekea nyikani wako Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme. Ni nchi ya wakulima, wafugaji, wavuvi na wawindaji waliooana, wakapigana, na kubadilishana maarifa kwa karne nyingi. Mvua ya eneo hili haina uhakika. Kwa sababu hiyo, mtu aliyeaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua, omugimba, hakuwa mtu wa pembeni katika siasa za jamii. Alikuwa kiini chake.

Kabla ya utawala wa Wajerumani, jamii nyingi za eneo hili hazikuwa na watawala wenye amri juu ya watu wote. Mambo yaliamuliwa na wazee, na makundi ya vizazi, yaitwayo rikora, yalipokezana dhamana ya kuilinda nchi. Otto Bischofberger aliyachunguza makundi hayo miongoni mwa Wazanaki katika kazi yake ya mwaka 1972. Miongoni mwa majukumu ya kizazi kilichoshika zamu lilikuwa kuizunguka nchi kwa miguu, kufuata mipaka yake, na kuweka dawa ya kinga iitwayo orokoba, iliyotoka kwa mganga mtabiri, omugabo. Nchi iliponywa kwa kutembewa.

Miongo ya mwisho ya karne ya 19 iliutikisa utaratibu huo. Sotoka iliua ng'ombe katika miaka ya 1890, magonjwa na njaa vilifuata, na uvamizi wa Wamaasai uliwasukuma watu wengi kuhama kutoka mashariki kwenda magharibi. Jan Bender Shetler, katika utafiti wake juu ya kumbukumbu ya mandhari ya Serengeti uliochapishwa mwaka 2007, ameonyesha kwamba watu hao waliacha nyuma makazi, makaburi na mahali pa kutambikia, lakini hawakuacha majina yake. Majina yaliendelea kusomwa katika matambiko na hadithi kama orodha ya mali ambayo mwenyewe hayupo kuishika.

Simulizi za emisambwa zimetoka katika mazingira hayo ya mvua isiyotabirika, kuhama na kuacha.

3.0 BUNDA: NYAKINYWA, ISAMONGO NA MLIMA CHAMURIHO

3.1 Simulizi

Ikizu iko katika Wilaya ya Bunda, na mlima Chamuriho ndio alama yake kubwa. Mapokeo ya Waikizu yanamtaja kwanza Muriho, aliyewashinda Wahengere, watu wanaoelezwa kuwa wafupi wa kimo na wakazi wa awali wa nchi. Muriho anakumbukwa kwa kuiweka nchi chini ya kinga ya orokoba, na mlima ukabeba jina lake. Ni mahali pa erisambwa.

Baada yake yanakuja mapokeo ya Nyakinywa. Huyu alikuwa mwanamke aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, akiwa na elimu ya mvua. Alipofika Ikizu alikutana na Isamongo, mwindaji aliyekuwa na moto. Matoleo ya simulizi yanatofautiana katika vipengele, lakini kiini chake hakibadiliki: wawili hao walishindana uwezo, moto kwa mvua, na mvua ikauzima moto. Nyakinywa akawa mtemi, na kati yake na wenyeji wa Isamongo kukawa na makubaliano juu ya nani atakuwa na kazi gani katika nchi.

3.2 Ufafanuzi

Msomaji anayetafuta maajabu ataishia kwenye mvua iliyoitwa kwa neno la mwanamke. Mwanahistoria hana budi kuendelea. Simulizi inaweka pamoja mambo manne: wakazi wa kale walioondolewa, wawindaji waliotangulia, wakulima wageni wenye elimu ya mvua, na mapatano yaliyofanya wote wakae katika nchi moja. Moto ni chombo cha mwindaji, anayeuchoma uwanda ili majani mabichi yavute wanyama. Mvua ni hitaji la mkulima. Kushindana kwa moto na mvua ni kushindana kwa njia mbili za kuitumia ardhi ileile, na ndoa au mapatano yanayofuata yanaeleza jinsi ushindani huo ulivyotatuliwa bila upande mmoja kufukuzwa.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Orodha ya watemi iliyohifadhiwa katika historia ya Ikizu na Sizaki ya P. M. Mturi na S. Sasora, iliyomo katika mkusanyiko wa historia za wenyeji uliohaririwa na Shetler mwaka 2003, inaanza na wanawake. Wakati wa utawala wa Waingereza utemi wa Ikizu ulikuwa mikononi mwa mwanamume, Makongoro Matutu, na serikali ilimtambua kama chifu kwa maana yake yenyewe: mkusanya kodi, hakimu wa baraza, msimamizi wa amri. Katika mazingira hayo ingetarajiwa kwamba kumbukumbu ya watemi wanawake ingefifia, kwa kuwa haikumfaa mtawala wala wakubwa wake. Haikufifia. Simulizi inayokwenda kinyume na maslahi ya walioihifadhi hustahili kuaminiwa zaidi kuliko ile inayowasifu.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Asili ya Usukuma inayodaiwa na simulizi ingeweza pia kumfaa mtemi wa karne ya 20. Utemi ni taasisi iliyostawi sana Usukuma, na serikali ya Waingereza, baada ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, ilitafuta machifu wenye nasaba. Jamii iliyoweza kuonyesha nasaba ya watemi ilikuwa katika nafasi bora kuliko jirani zake waliokuwa na wazee na rikora tu. Kwa hiyo inawezekana sehemu ya utemi katika simulizi ilikuzwa, huku sehemu ya mwanamke wa mvua ikibaki kuwa ya kale. Hitimisho hili halipunguzi thamani ya simulizi. Linaonyesha tabaka zake, kama vile mwanaakiolojia anavyoonyesha tabaka za udongo.

Upo ushahidi mdogo wa ziada ambao hupuuzwa kwa kuwa uko wazi mno. Moja ya tarafa za Bunda inaitwa Chamriho. Dola ya kisasa, iliyoondoa utemi katika sheria, imeendelea kuandika jina la mlima wa erisambwa kwenye barua zake rasmi.

4.0 BUTIAMA: MUHUNDA NA JINA LA KAMBARAGE

4.1 Msitu wa Mwitongo

Mwitongo, Butiama, ni mahali alipozaliwa Julius Kambarage Nyerere na alipozikwa Oktoba 1999. Jina lenyewe linatokana na neno itongo, yaani mahame, mahali palipokuwa na maskani hapo zamani. Kando ya maskani ya ukoo wa mtemi kuna msitu unaoitwa Muhunda, na Wazanaki wa Butiama husimulia kwamba ndimo anamoishi mzimu mwenye jina hilohilo, mlinzi wao. Muhunda husemwa kwamba huonekana katika umbo la mnyama: nyani mkubwa, chui au nyoka. Anayemwona hapaswi kumdhuru, na msitu wake haukatwi ovyo.

Simulizi hii ina sifa zote za hadithi ya ajabu. Lakini ikiwekwa kando ya simulizi nyingine za emisambwa, mpangilio wake unaeleweka. Mahame ni mahali ambapo wahenga waliishi na kuzikwa. Watu wakihama, miti hurudi. Miti ikirudi, wanyama hurudi nayo. Chui anayeonekana katika msitu uliomea juu ya maskani ya babu anakuwa, kwa lugha ya mahali hapo, babu anayeangalia kama nyumba yake inaheshimiwa. Mwiko wa kutokata unalinda kaburi na msitu kwa pamoja, na hakuna haja ya kuamua kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa nia ya kwanza. Kwa walioutunga mwiko, havikuwa vitu viwili.

4.2 Majina mawili ya mtoto mmoja

Mwaka 1922 mtemi Nyerere Burito alipata mtoto kwa mkewe Mugaya. Jina la baba, Nyerere, lilitokana na viwavi waliovamia mashamba wakati wa kuzaliwa kwake. Huo nao ni utaratibu wa kuandika historia ya maafa ndani ya majina ya watu. Mtoto alipewa kwanza jina Mugendi, lenye maana ya mtembezi. Baadaye, kwa ushauri wa omugabo, jina likabadilishwa kuwa Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa kike wa mvua. Siku ya kuzaliwa kwake, inasemwa, mvua ilikuwa ikinyesha.

Wasimulizi wa baadaye wamelichukua tukio hili kama dalili ya makuu yaliyomsubiri mtoto. Usomaji huo unaeleweka, lakini unatazama nyuma kutoka Ikulu. Ukitazamwa kutoka Butiama ya mwaka 1922, ushauri wa omugabo una maana nyingine. Baba wa mtoto alikuwa amewekwa na Wajerumani mwaka 1915 kuwa chifu wa watu ambao hawakuwa na desturi ya machifu, na Waingereza walipoingia walimwacha katika cheo chake. Alikuwa na kibali cha serikali. Kibali cha mvua kilikuwa mahali pengine, kwa waganga, wazee na emisambwa. Kumpa mtoto wa chifu jina la mzimu wa mvua kulikuwa njia ya kuunganisha tena vitu ambavyo utawala mpya ulikuwa umevitenganisha: cheo na wajibu wa kuiponya nchi.

Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambaa, ameeleza jinsi Washambaa walivyoupima utawala kwa vipimo viwili: kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mtawala aliyenyima mvua, au ambaye ugomvi wake wa ndani ulizuia mvua, alikuwa anaiharibu nchi hata kama hakumpiga mtu fimbo. Kipimo hicho kinafanana sana na kile cha Mara Kusini, ingawa jamii hizo mbili zilikuwa mbali na zenye mifumo tofauti. Tofauti ni kwamba Usambaa ulikuwa na mfalme wa kuulizwa, ilhali Butiama ilipewa chifu na kubakiwa na swali la nani wa kuulizwa.

5.0 MUSOMA: SIMULIZI ZINAPOINGIA KATIKA MAANDISHI

Musoma iko kwenye rasi iliyoingia ziwani, na jina lake hutajwa kuwa limetoka katika neno la wenyeji, omusoma, lenye maana hiyo. Kutoka Mwitongo hadi hapo ni mwendo wa kilomita zipatazo 40. Katika historia ya simulizi za mizimu, umbali huo ni mkubwa kuliko kilomita zake, kwa sababu Musoma ndiko zilikokuwa ofisi ya wilaya na shule ya serikali, na karibu yake ndiko zilikojengwa misheni.

Simulizi zilikutana huko na wasikilizaji wa aina tatu. Wa kwanza walikuwa maofisa. E. C. Baker, ofisa wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1927 makala kuhusu marika ya Wilaya ya Musoma katika jarida la Man. Maofisa wa aina yake walihitaji kujua nani mwenye amri, na taasisi ambazo hazikuwa na mtu mmoja wa kuamrisha ziliwapa taabu. Katika maandishi ya namna hiyo, kazi ya kiibada ya vizazi, yaani kutembea mipaka na kuweka kinga, ni rahisi kusogezwa upande wa mila za kuvutia, huku muundo wa marika ukibaki katika mambo ya utawala.

Msikilizaji wa pili alikuwa sheria. Amri ya Uchawi ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1922 na kufuatiwa na nyingine mwaka 1928. Ililenga kuzuia madhara ya uchawi na ya kumtuhumu mtu uchawi. Lakini istilahi yake ilikuwa pana, na chini yake mganga wa mvua, mtabiri wa kizazi na mtu aliyemwekea jirani sumu waliweza kuonekana kama jamaa wa ukoo mmoja. Hofu ya serikali ilikuwa na historia. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilianza kusini mwa nchi kutokana na ujumbe wa Kinjikitile wa Ngarambe, aliyesemwa kuchukuliwa na mzimu ndani ya maji. Mwaka 1913, kaskazini mwa Mara, upande wa Kenya, Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwa aitwaye Mumbo amemmeza na kumtapika akiwa na habari za mwisho wa utawala wa Wazungu. Mafundisho hayo yalienea hadi Ukisii, karibu na mpaka. Kwa ofisa aliyekaa ukingoni mwa ziwa hilohilo, mzimu unaozungumza haukuwa hadithi ya jioni.

Msikilizaji wa tatu alikuwa misheni. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Nyegina mwaka 1911, na Wamenoni walifika Mara mwaka 1934. Wamisionari walizipa simulizi uzito ambao maofisa hawakuzipa: waliamini kwamba mizimu ni jambo la kweli la kupigana nalo, au walau kwamba imani juu yake inashika moyo wa mtu. Kwa hiyo waliiweka katika fungu la giza. Erisambwa, aliyekuwa mlinzi mwenye masharti, akawa pepo.

Mwaka huohuo wa 1934 mtoto Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Desemba 1943 alibatizwa Nyegina kwa jina Julius. Hakuliacha jina la mzimu wa mvua; aliyabeba yote mawili, na ndivyo alivyoandikwa katika historia ya taifa. Mfano huo mmoja unatosha kuonyesha kwamba kuingia kwa maandishi na ubatizo hakukuzifuta simulizi za kale. Kulizitenganisha na kazi zake. Jina lilibaki, lakini mtu aliyeweza kueleza kwa nini lilitolewa alizidi kuwa adimu.

6.0 MJADALA

6.1 Laana kama deni

Mifano iliyotangulia inaruhusu laana kuelezwa upya. Katika simulizi za emisambwa, balaa halimwangukii mtu bila mpangilio. Linamwangukia aliyekata, aliyechoma, aliyechafua, aliyesahau kutambika, au aliyekiuka mapatano ambayo wahenga wake waliyaingia. Kila mara kuna jambo lililokuwa linadaiwa. Laana, kwa maana hiyo, ni mfumo wa kumbukumbu za madeni katika jamii ambayo haikuwa na daftari. Inamtaja mdaiwa, mdai na kiasi, na inaweza kulipwa: tambiko hufanyika, mipaka hutembewa, na mambo hutulia.

Ndiyo maana simulizi zinapokusanywa bila mahali wala masharti yake, kinachobaki ni hofu pekee. Hadithi ya nyani wa ajabu katika msitu usiotajwa jina inaweza kusimuliwa popote duniani. Hadithi ya Muhunda wa Mwitongo haiwezi, kwa sababu ndani yake kuna ukoo, kaburi, mti na mwiko. Kipimo rahisi kwa mtafiti ni hiki: ikiwa simulizi inaweza kuhamishwa mahali bila kupoteza kitu, basi kilicho cha kihistoria ndani yake kimekwisha kutoka.

6.2 Emisambwa si uchawi

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kuchanganya istilahi hizi hakuishii kwenye kurasa za tasinifu. Vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshitua nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalitokana na madai ya waganga kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Vitendo hivyo mara nyingi huwekwa pamoja na matambiko ya kale chini ya neno moja, ushirikina.

Ukilinganisha mantiki ya pande hizo mbili, unakuta zinapingana. Erisambwa ni ya jamii nzima, hutambikiwa hadharani na wenye dhamana, na faida yake, yaani mvua na amani, haiwezi kumilikiwa na mtu mmoja. Biashara ya viungo vya binadamu ni ya siri, ya mtu binafsi, na lengo lake ni kumtajirisha mmoja kwa mwili wa mwingine. Kwa kipimo cha simulizi za Mara zenyewe, huko ni kuiharibu nchi. Mtafiti anayeviita vyote ushirikina anaitukana taasisi iliyolinda uhai, na wakati huohuo anawapa wauaji kisingizio cha mila ambacho hawastahili.

6.3 Mahali ambapo hapafikiki

Suala la mwisho ni ardhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951, na ukanda wake wa magharibi unafika Bunda, kwenye lango la Ndabaka. Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Shetler ameeleza kwamba baadhi ya mahame na mahali pa emisambwa pa jamii za magharibi mwa Serengeti sasa pako ndani ya mipaka ya uhifadhi, ambapo wenye matambiko hawawezi kufika bila kuvunja sheria. Nyika ambayo mgeni huiona kuwa haijawahi kuguswa na binadamu ni, kwa wazee hao, orodha ya majina ya watu.

Hapa simulizi za mizimu zina uzito wa hati. Zinataja mahali watu walipoishi, walipozika na walipokubaliana na majirani zao kabla ya ramani yoyote kuchorwa. Hazifai kuchukuliwa kama hati miliki, kwa kuwa simulizi hukua na kubadilika kama ilivyoonyeshwa katika mfano wa Ikizu. Lakini kuzitupa zote kwa sababu zina nyoka na chui ndani yake ni kukubali, bila kuchunguza, kwamba nchi hiyo haikuwa na wenyewe.

7.0 HITIMISHO

Insha hii imeonyesha kwamba simulizi za ajabu za Bunda, Butiama na Musoma zinashikamana na historia ya kisiasa ya Mara Kusini. Huko Ikizu, simulizi ya Nyakinywa na Isamongo imehifadhi mapatano baina ya wawindaji na wakulima, pamoja na kumbukumbu ya mamlaka ya wanawake ambayo utawala wa kikoloni haukuihitaji. Huko Butiama, Muhunda na jina la Kambarage vinaonyesha jamii iliyojaribu kukirudishia cheo kipya wajibu wa kale. Huko Musoma, maofisa, sheria na misheni waliipokea mizimu, kila mmoja kwa kusudi lake, na kwa pamoja wakaitenganisha na kazi yake ya kuiponya nchi.

Wazee wanaojua mahali na masharti ya emisambwa wanapungua, na wengi wa vijana wanaozisikia simulizi hizi leo huzipata zikiwa zimekwisha kung'olewa mahali pake. Kazi inayofuata kwa hiyo ni ya ramani kwanza na ya nadharia baadaye: kwa ridhaa ya wenyewe, kuandika kila simulizi pamoja na jina la mahali, ukoo wenye dhamana, mwiko na tambiko la kuuondoa mkosi, na kuacha siri zile ambazo wenyewe wanataka zibaki siri. Swali la kama chui wa Muhunda ni chui au babu linaweza kubaki mikononi mwa watu wa Butiama. Swali la kwa nini msitu wake bado umesimama ni la historia, na linahitaji kujibiwa wakati wanaojua jibu bado wapo.